Leseni ya Muuguzi Haivuki Mpaka wa Jimbo

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wenyeviti, makatibu na waweka hazina wa vikundi vya kujisaidia. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, pamoja na maswali matatu yaliyoulizwa mwishoni.)

 

Katibu aliniandikia nije niseme juu ya mikopo ya wanachama wanaopeleka watoto ng'ambo. Hiyo ni habari pana. Tukiianza yote, hata chai ikiletwa tutakuwa hatujamaliza. Kwa hiyo nimechukua kipande kimoja tu: mtoto aliyesomea uuguzi hapa Kenya, anataka kwenda kufanya kazi Marekani, na kikundi kinaombwa kimbebe. Maombi ya namna hii yanazidi kuja kwenye meza zenu. Tena mimi mwenyewe nilikosea katika jambo hili, na kosa langu lilikula pesa za watu. Afadhali niwaeleze kosa hilo kwanza.

Kulikuwa na kikundi cha akina mama ishirini na wawili. Mmoja wao alikuwa na binti mwenye diploma ya uuguzi, amesajiliwa na Baraza la Wauguzi la Kenya, na amefanya kazi ya wodi miaka minne. Mume wa binti alikuwa ametangulia Marekani, amepata karatasi za kukaa, na alikuwa anamwitia mkewe. Alikuwa anaishi Minnesota. Mama akaomba mkopo wa shilingi 160,000 ili binti afanye mtihani wa uuguzi wa Marekani kabla ya kuondoka, asifike kule akakaa bure.

Kikundi kikaniita nitoe maoni. Nikakaa nao chini ya mwembe, nikapiga hesabu. Nikasema: akifaulu mtihani na akapata leseni akiwa hapa, basi akifika atapumzika mwezi mmoja, mwezi wa pili ataanza kazi, mwezi wa tatu ataanza kulipa. Nikaandika hivyo katika daftari lao kwa kalamu yangu mwenyewe.

Binti akafaulu. Leseni ikatoka, leseni ya kweli, haikuwa ya bandia. Ilitoka jimbo la New York, kwa sababu wakala alimwambia New York ni rahisi kwa mtu aliye bado nje. Akasafiri. Akafika Minnesota, akapeleka barua ya kuomba kazi kwenye nyumba ya wazee, akaitwa, akapendwa. Siku ya kutia sahihi wakamwuliza, "Leseni yako ya Minnesota iko wapi?" Akawaonyesha ya New York. Wakamwambia, kwa upole tu, kwamba kwa karatasi hiyo hawezi kumpa mgonjwa wao hata kidonge kimoja.

Ilimchukua miezi saba kupata leseni ya pili. Miezi hiyo alifanya kazi ya kulea wazee majumbani kwa mshahara mdogo, na nauli na chakula vikaumaliza. Huku nyumbani hakuna kilichokuwa kinaingia. Akina mama wakaanza kunong'ona ati binti ametoroka na pesa. Siku moja mama mmoja akaniambia mbele ya wote, "Dada, wewe ulisema miezi mitatu. Wewe ndiwe uliyesoma." Sikuwa na jibu. Deni lililipwa lote baada ya mwaka na nusu, senti kwa senti. Lakini mama wa yule binti aliacha kuja mikutanoni, na hadi leo hajarudi.

Sasa tuone kosa lilikuwa wapi.

Hapa Kenya baraza ni moja. Muuguzi akisajiliwa na Baraza la Wauguzi anaweza kufanya kazi Kakamega mwaka huu na Kwale mwaka ujao. Kaunti ni 47 lakini leseni ni ileile. Uingereza pia ni hivyo, baraza lao ni moja kwa nchi nzima. Kwa hiyo sisi tukisikia "leseni ya Marekani" tunadhani ni kitu kimoja. Kumbe hakuna kitu kinachoitwa leseni ya uuguzi ya Marekani. Nchi ile ina majimbo 50, na kila jimbo lina bodi yake ya uuguzi, sheria yake, ada yake na fomu yake. (Nikisema jimbo, sisemi jimbo la askofu, wala yale majimbo ya wanasiasa wetu. Ni kama nchi ndogo ndani ya nchi kubwa.) Leseni inakupa ruhusa ya kumhudumia mgonjwa aliye ndani ya jimbo lile. Hata ukimshauri mgonjwa kwa simu, linaloangaliwa ni jimbo alilomo mgonjwa, si lile ulilomo wewe.

Kitu ambacho ni kimoja kwa majimbo yote ni mtihani. Unaitwa NCLEX. Kuna wa muuguzi msajiliwa, na kuna mwingine wa daraja la chini yake. Unafanywa kwa kompyuta, na tangu Aprili 2023 umebadilishwa uwe na maswali mengi zaidi ya kupima jinsi muuguzi anavyofikiri mbele ya mgonjwa. Kuandikishwa ni dola 200, na ukiufanyia nje ya Marekani unaongeza dola 150. Kwa pesa zetu ni kama elfu arobaini na tano. Ukianguka unangoja siku 45 ndipo urudie, na ada unalipa upya. Ukifaulu mara moja umefaulu, hakuna jimbo litakalokuambia urudie kwa sababu umehama.

Basi shikeni hapo: mtihani unavuka mpaka, leseni haivuki. Mimi niliandika daftarini siku ya kufaulu kana kwamba ndiyo siku ya kuanza kazi. Hizo ni siku mbili tofauti, na katikati yake zinaweza kupita wiki chache au nusu mwaka.

Mtu aliye na leseni ya jimbo moja akitaka kufanya kazi jimbo jingine, anaomba bodi ya huko imkubali kwa msingi wa leseni aliyo nayo. Wenyewe wanaita endosimenti. Analipa ada upya, na mara nyingi anatoa alama za vidole ili polisi wachunguze kama ana kesi. Bodi ya kwanza inathibitisha kwamba leseni yake ni hai na haina doa. Uthibitisho huo kwa majimbo mengi hupitia mtandao unaoitwa Nursys, na analipa dola 30 kwa kila bodi inayotumiwa. Haya yote si magumu. Yanataka muda tu, na yanataka karatasi zinazokubaliana.

Yule binti yetu alikwama kwenye karatasi. Cheti cha chuo kilikuwa na jina la ubatizo na jina la baba. Pasipoti ilikuwa na jina la mume. Leseni ya New York ilitoka kwa mpangilio wa tatu. Ninyi mnajua majina yetu, mtu mmoja ana matatu au manne na kila ofisi inachagua linaloipendeza. Kwetu tunacheka. Kule, kompyuta ikiona majina mawili inaona watu wawili. Alituma cheti cha ndoa mara mbili. Kama angeyanyoosha majina akiwa bado hapa, angeokoa miezi mitatu hivi, nadhani. Kwa hiyo mweka hazina, kabla ya kutoa hata shilingi moja, ziweke karatasi zote mezani: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, pasipoti, cheti cha chuo, cheti cha Baraza. Soma majina kwa sauti. Yakitofautiana, safari ya kwanza ni kwa wakili wa kutengeneza kiapo au kwa msajili. Wakala angoje.

Sasa nije kwenye habari ambayo wengi mmeisikia nusunusu, ile ya leseni moja ya majimbo mengi. Ni kweli ipo. Mwaka 2000 majimbo machache, Texas na Wisconsin yakiwamo, yalianza mkataba kwamba leseni ya mmoja itaheshimiwa na mwenzake. Mkataba ulitengenezwa upya, na huo mpya ukaanza kazi Januari 2018. Leo majimbo yaliyomo ni karibu 40. Muuguzi anayeishi Texas akiwa na leseni ya mkataba anaweza kufanya kazi Louisiana, Arkansas, Oklahoma au New Mexico bila kuomba leseni nyingine, maana jirani zote hizo zimo. Kwa mtu anayetafuta kazi huku na huku, hiyo ni nafuu kubwa.

Lakini kuna mambo matatu ambayo wakala hawaambii, au wanayasema haraka haraka.

Jambo la kwanza ni kwamba si majimbo yote yamo. California haimo. New York haimo. Minnesota haimo. Hayo ni majimbo makubwa, na watu wetu wengi wako huko.

La pili, leseni ya mkataba inafuata mahali unapoishi. Mahali unapofanya kazi haliangaliwi. Wanataka uthibitisho wa makazi: leseni ya kuendesha gari ya jimbo lile, au karatasi za kodi zenye anwani ya pale. Na ni lazima uwe na namba ya hifadhi ya jamii ya Marekani, kama vile sisi tuna namba ya NSSF, ila yao inaulizwa kila mahali. Sasa fikirini. Mtu aliye bado hapa kijijini anaishi jimbo gani la Marekani? Haishi lolote. Kwa hiyo hata akiomba Texas, ambayo imo katika mkataba, atapewa leseni ya Texas peke yake. Akishafika na kupata makazi ndipo anaomba igeuzwe iwe ya majimbo mengi. Wakala anayemwuzia mtoto wako "leseni ya majimbo 40" akiwa bado Kenya anauza hewa.

La tatu, ukihama kutoka jimbo moja la mkataba kwenda kukaa jimbo jingine la mkataba, unatakiwa kuomba leseni ya makazi mapya ndani ya siku 60. Kanuni hiyo ilianza Januari 2024. Na ukihamia jimbo lisilomo, ile leseni yako ya majimbo mengi inarudi kuwa ya jimbo moja.

Nitatoa mfano kwa mto, maana watu wa hapa mnaelewa mipaka ya mito. Kuna mto unaitwa Red River. Upande mmoja ni mji wa Fargo, katika North Dakota. Ng'ambo ya pili ni mji wa Moorhead, katika Minnesota. Mtu anavuka daraja kama tunavyovuka sisi kwenda sokoni. North Dakota imo katika mkataba, Minnesota haimo. Dada anayeishi Fargo akiwa na leseni ya mkataba anaweza kwenda kufanya kazi South Dakota, Iowa au Wisconsin, mbali kabisa, lakini mkataba huo haumpi ruhusa ya kuvuka daraja akafanya kazi Moorhead. Na dada anayeishi Moorhead hapati ya mkataba kabisa. Akitaka kazi Fargo itambidi aombe ya North Dakota, ambayo itamfaa kwa North Dakota peke yake. Tofauti yao ni upande wa mto wanaolala. Binti yetu aliishi Minnesota, na majimbo yote manne yanayopakana nayo kwa nchi kavu yamo katika mkataba. Aliona kazi Wisconsin, aliona kazi Iowa, na kila moja ilihitaji leseni yake.

Basi mtu anayetafuta kazi majimbo mengi afanye nini? Wengine wanaomba leseni tatu au nne kwa mpigo, "ili niwe tayari". Sikubaliani nalo, hasa kwa pesa za kikundi. Kila leseni ina ada ya kuomba, mara nyingi alama za vidole, na baada ya miaka michache ada ya kuihuisha. Ada ya New York imekuwa dola 143, na California huwatoza waliosomea nje zaidi ya inavyowatoza wa kwao. Ukizijumlisha nne umekula ng'ombe mzima. Njia ninayoona ina akili ni kuchagua jimbo moja ambalo una mtu wa kukupokea na mahali pa kulala, uombe hilo kwanza. Barua za kazi unaweza kupeleka popote, lakini useme wazi ndani ya barua: nina leseni ya jimbo fulani, na niko tayari kuomba ya kwenu. Hospitali nyingi zimezoea. Huweza kukuahidi kazi kwa sharti kwamba leseni itoke, na nyingine hurudisha ada. Ukishapata ahadi ya maandishi ndipo uombe leseni ya pili. Usiache kazi uliyo nayo wala nyumba uliyopanga kabla leseni mpya haijaonekana. Na ile ya zamani usiiache ife, maana bodi nyingi zinataka kuona leseni iliyo hai mahali fulani ndipo zikupe ya kwao.

Kuna mlango mwingine mdogo. Hospitali za serikali kuu za askari wastaafu hukubali muuguzi mwenye leseni ya jimbo lolote, kwa kuwa si za jimbo. Lakini kwa kawaida hutaka raia wa Marekani, kwa hiyo ni mlango wa baadaye.

Kwa nini basi New York? Wakala hakudanganya moja kwa moja. Majimbo mengine hayapokei ombi bila ile namba ya hifadhi ya jamii, na mtu aliye Kenya hana. California inataka hiyo au namba ya mlipa kodi. New York ina njia ya kuomba bila namba. Kwa hiyo si kosa kufanyia mtihani New York kama unajua ni kituo cha kupitia na umeweka pesa na muda wa hatua ya pili. Lakini karatasi za masomo nazo zina ujanja wake. Shirika la CGFNS la Philadelphia, ambalo tangu 2025 linajiita TruMerit, hupokea rekodi kutoka chuo chako na kutoka Baraza la Wauguzi, huzikagua, halafu hupeleka ripoti kwa bodi. Ripoti ya New York ni ya aina yake, inatengenezwa kwa ajili ya New York. Majimbo mengi mengine yanataka ripoti ya aina nyingine. Ukikosea aina unalipa mara mbili, na chuo kinaombwa rekodi mara mbili. Nanyi mnajua kuomba rekodi chuoni ni shughuli ya namna gani.

Nyongeza moja hapo. Yule binti aliuziwa pia cheti kinachoitwa VisaScreen. Hicho kinatakiwa, kwa sheria ya mwaka 1996, kwa muuguzi anayeingia Marekani kwa njia ya kuajiriwa. Yeye alikuwa anaingia kwa njia ya mumewe. Hakukihitaji. Pesa za akina mama zilinunua karatasi ambayo hakuna aliyeiuliza. Nilikuwapo wakati ikilipwa, na sikuuliza.

Mnielewe pia juu ya daraja. Aliye na diploma au digrii na amesajiliwa ana njia nzuri, maana masomo yetu yana wodi za wakubwa, watoto, uzazi na akili, na hayo ndiyo wanayoyatafuta. Aliyesoma kozi fupi ya cheti asiambiwe kwamba ataingia mlango uleule. Mara nyingi ataelekezwa mtihani wa daraja la chini. Na aliyeacha wodi akafungua duka ajue kwamba bodi nyingine zinauliza umefanya uuguzi lini mara ya mwisho. Hata kazi ya msaidizi wa muuguzi, ambayo wengi wetu huanzia huko, ina orodha yake kwa kila jimbo.

Na njia ya mkato? Januari 2023 serikali ya Marekani iliwashtaki watu 25 kwa kuuza diploma za uuguzi zaidi ya 7,600 kutoka vyuo vya Florida. Walionunua hawakusoma, walilipa tu, na baadhi walifaulu hata ule mtihani. Bodi za majimbo mengi zikaanza kuwasaka na kufuta leseni zao. Doa la jimbo moja linaonekana katika majimbo mengine, kwa sababu ya ule mtandao wa Nursys niliosema. Hapo mipaka haisaidii mtu kujificha. Lakini mtandao huo una faida kwenu pia: mtu yeyote anaweza kutafuta jina la muuguzi bila kulipa akaona ana leseni gani na ya wapi, kwa majimbo yaliyomo. Kijana mmoja wa kikundi mwenye simu anaweza kufanya hivyo kwa dakika tano, na minong'ono ikaisha.

Sasa upande wa daftari. Kile kikundi cha akina mama ishirini na wawili kilibadilisha kanuni yake, na mimi nilikaa nao tukaiandika upya. Mkopo wa muuguzi hautoki wote siku moja. Sehemu ya kwanza ni ya kunyoosha majina na kukagua karatasi za masomo, na haitoki mpaka mwombaji alete kwa maandishi jina la jimbo atakaloishi na nani atampokea. Sehemu ya pili ni ya mtihani. Sehemu ya tatu, ambayo zamani hatukuwa nayo, ni ya leseni ya jimbo la kazi, na inawekwa kando benki hata kama mtu ameshasafiri. Ada zinalipwa moja kwa moja kwa bodi au kwa shirika lile, risiti inaletwa, na hakuna shilingi inayopita mkononi mwa wakala. Na kulipa deni kunaanza miezi mitatu baada ya leseni ya jimbo anapofanya kazi kuonekana. Tarehe ya kufaulu mtihani na tarehe ya ndege hatuzihesabu tena. Kanuni hiyo imewafanya wengine wanung'unike kwamba ni ndefu. Ni ndefu kweli.

MASWALI

Baba mmoja aliuliza: "Mwalimu, kijana wangu ameambiwa na wakala kwamba akilipa elfu themanini atapata leseni ya jimbo ambalo halina mtihani. Lipo?"

Halipo, mzee wangu. Kwa mtu aliyesomea uuguzi hapa, anayetaka leseni yake ya kwanza Marekani kama muuguzi msajiliwa, NCLEX inamngoja katika kila jimbo. Rudi na jina la huyo wakala, tutazungumza pembeni.

Mama mmoja aliuliza: "Binti yangu ameshafaulu kupitia New York miaka miwili iliyopita na bado yuko hapa, visa haijatoka. Je, mtihani utaoza?"

Kufaulu hakuozi, mama. Kinachoweza kulala ni usajili wa leseni asipoulipia muda wake ukifika, na matokeo ya mtihani wa Kiingereza, ambayo kwa kawaida yanakubaliwa miaka miwili tu. Jambo la maana kwake ni asiache wodi wakati anangoja. Tena cheti chake cha Baraza hapa Kenya akihuishe kila mwaka unaotakiwa, kwa sababu bodi ya jimbo jingine itaandika barua kwa Baraza letu ikiuliza kama ni hai.

Mwenyekiti wa vijana aliuliza: "Dada yetu ana mchumba Texas na shangazi California. Kote wanamwita. Aanze wapi?"

Nikamwuliza atalala kwa nani. Akasema hajui, wanaongea. Basi aongee nao kwanza. Akienda Texas, leseni yake baadaye inaweza kugeuzwa iwe ya majimbo mengi, na kazi atatafuta popote katika mkataba. Akienda California atakuwa na ya California peke yake, mishahara ya huko ni mikubwa na kodi ya nyumba nayo ni kubwa, na bila ile namba au namba ya mlipa kodi ombi lake halitapokelewa akiwa hapa. Njia zote mbili zinapitika. Lakini kikundi kisitoe sehemu ya kwanza mpaka aje na jibu moja. Akija, alete na karatasi zake zote za majina. Mimi huwa ofisini Jumanne na Alhamisi, asubuhi.